Majoka Saba ya Karani

Karani wa posta wa mtaa wetu hapa Plovdiv akicheza karata za kompyuta, huikokota kila karata kwenye skrini taratibu, kama anayewasha mshumaa kanisani, kisha hutugeukia tumsifu. Jumamosi ilikuwa mechi ambayo mshindi wake angekwenda fainali ya Sofia, na karani alikuwa na karata ya moto iliyotosha kummaliza mpinzani wake Radostina, mwalimu wa hisabati. Akaiacha, akaanza kupanga karata za majoka saba, moja baada ya nyingine.

“Mmalize basi, kaka!”

“Tulieni nyie, mtaona maajabu.”

Muda wa zamu yake ya kucheza ukaisha kabla joka wa saba hajatua. Radostina akammaliza kwa karata moja ndogo ya panya, akampa mkono. Karani hakuuona. Alikuwa akituonyesha skrini: “Lakini yule wa sita mmemwona?”