Mikono Tuliyoilipia

Asubuhi ya gulio la Segese, kabla wauza ng'ombe hawajafika, mama mmoja anayeuza tumbaku alinishika mkono akaniambia, "Yule mkubwa wenu wa majembe amekufa jana jioni. Kile kifua chake." Kisha akaendelea kupanga tumbaku yake, maana wateja hawangoji msiba. Niliazima baiskeli kwa fundi cherehani, nikashika njia ya upande wa Shinyanga. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja, na kwamba misiba mingi hunifikia ikiwa imeshapoa. Huu niliuwahi. Nilikanyaga baiskeli polepole, nikimfikiria mtu ambaye hakuweza kusoma jina lake mwenyewe, na ambaye kwa miaka kadhaa hakuwa na wazo jingine ila chuo kikuu cha Uganda, mahali ambapo hakupata kupaona.

Nilimjua mwaka niliotoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu mikono mitupu, mvua za kwanza zikinyesha. Shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifukuza, niliona barabara dirishani, nikatamani kujua inakwenda wapi, na hadi leo sijajua. Yeye alikuwa nsumba ntale wa kijiji chake, yaani mkubwa wa vijana wanaolima pamoja kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Alfajiri alipiga pembe, vijana wakatoka na majembe, kila mmoja akapewa ngwe yake, wakalima kwa wimbo. Asiyetokea alitozwa faini. Mgonjwa alilimiwa. Mwenye shamba kubwa la pamba alilipa ng'ombe, na baada ya mavuno ng'ombe huyo alichinjwa, akaliwa siku nzima kwa ngoma. Nyama ile ndiyo mshahara, na ndiyo sifa ya kundi mbele ya vijiji vingine. Alinipa jembe bila kuniuliza natoka wapi, nikalima nao msimu ule kwa chakula na mahali pa kulala.

Mmoja wa vijana wa kundi lile alikuwa amefaulu mitihani mpaka akaitwa chuo kikuu. Baba yake alishafariki, mama yake alikuwa na mbuzi wachache na shamba la mtama. Baraza la watemi lilikubali kwamba hazina ya wenyeji ilipe ada. Lakini nauli ya treni na meli ya ziwa, blanketi, suruali, vitabu, hayo yalikuwa juu ya wazazi. Yule mama alizunguka kwa ndugu zake wote akarudi na pole. Hapo ndipo mkubwa wetu alipotuita tulipomaliza kulima, jasho halijakauka, akasema, "Ng'ombe wa mwaka huu hachinjwi. Anakwenda mnadani. Mwenzetu anakwenda Uganda."

Mwimbishaji wetu, mtu mnene mwenye sauti ya ng'ombe dume na ulimi usiopumzika, akauliza, "Mkubwa, na sisi tutacheza ngoma kwa kunusa?"

"Mtacheza akirudi daktari."

"Akirudi daktari mimi sitakuwa na meno ya kutafunia hiyo nyama."

Wakacheka, na kwa sababu walicheka wakakubali. Ng'ombe akauzwa. Kijana akaondoka na koti jipya, vijana wote wakimsindikiza hadi stesheni, na mwimbishaji akamtungia wimbo ambao sitauandika hapa, watoto wasije wakausoma.

Likizo yake ndefu iliangukia msimu wa kulima. Nilikuwa nimerudi kijijini tena, kwa udadisi tu, nione mtu wa chuo anafananaje. Alikuwa yule yule, amekonda kidogo. Alfajiri pembe ilipolia alitokea na wengine, akavua viatu, akavipanga ukingoni mwa shamba, akainama kuokota jembe. Mkubwa alimfikia kwa hatua ndefu. "Weka chini, mwanangu. Mikono hiyo tumeilipia. Ikiota sugu, utashikaje kalamu?" Kijana akasema anaweza, kwamba hajasahau. Mkubwa akamnyang'anya jembe kwa upole kabisa, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akamwamuru akakae kivulini kwenye ukuta wa zizi. Wakamletea maziwa ya mgando. Nilimwona pale, magoti pamoja, kibuyu mkononi, akitazama ngwe yake ikilimwa na mwingine. Sijapata kuona mtu mwenye haya kama yeye. Mwimbishaji hakuiacha nafasi ile. "Mkubwa! Na hii yangu nani kailipia?" akainua viganja vyake vyenye sugu. Siku zilivyopita mzaha ukawa na miiba. "Watu wa pwani wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu jembe ananyimwa. Tunamlimia mgeni asiyeondoka!" Kijana akaacha kuja shambani. Likizo iliyofuata hakuja kijijini kabisa. Alibaki Uganda, ikasemekana amepata kibarua huko.

Ng'ombe wa pili alikuwa ameuzwa pia. Wa tatu vijana walikataa. Vijiji vya jirani vilikuwa vimeanza kuwaita walima bure. Katika mkutano mmoja mfupi walimwomba mkubwa awarudishie pembe, wakampa mwimbishaji, na ng'ombe wa msimu ule akachinjwa. Nasikia ngoma ilikuwa kubwa sana. Kijana alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni, na mama yake alikuwa hana tena pa kubisha hodi.

Nilikuja kumkuta mkubwa wangu Nyarugusu, kwenye mashimo, akitwanga mawe ya dhahabu na watu walio nusu ya umri wake, vumbi limemfanya mweupe hadi kwenye kope. "Natafuta mwaka wa mwisho," aliniambia, kana kwamba mwaka ni kitu kinachochimbwa. Alitwanga kiangazi kizima. Alipopata cha kutosha alikwenda bomani kuuliza atakitumaje Uganda, na karani akamwambia kwa heshima zote kwamba mzee asisumbuke: siku hizi serikali inamlipia kila kitu yule anayekubali kufundisha miaka kadhaa baada ya masomo, na kijana wake alishakubali. Hata tiketi anayo. Alirudi mashimoni jioni ya siku ya pili. Nilimuuliza kwa nini asirudi nyumbani kulima. "Nirudi niwe nani? Pembe anayo mwingine." Tukala mihogo. Ndipo aliposema, bila mimi kumuuliza, "Lile jembe ningemwachia. Vijana hawakukasirika kwa ajili ya nyama. Nyama walishaisamehe. Mimi nilimtoa kwenye mstari, na mtu aliye nje ya mstari hakuna anayejua amlimie kwa nini."

Nimeyafikiria maneno hayo nikilala katika vibanda vya watu, Mwadui nilipokuwa kibarua, Geita, na kwingineko. Katika maisha yangu haya nimeona namna ya kuwasomesha vijana ikibadilika mara nyingi. Kwanza walikwenda wana wa watemi, na hakuna aliyeuliza nani analipa. Kisha wakaenda wale ambao baba zao walikuwa na mazizi yaliyojaa. Ng'ombe waliuzwa, na mtoto alimjua kila ng'ombe kwa rangi yake. Kisha ikaja hazina ya wenyeji, ambayo ni kodi na pamba yetu sote, na baraza likachagua. Sasa serikali inalipa zaidi, inaweka masharti yake, na nasikia wengine wanapelekwa hadi ng'ambo na watu ambao hawatawaona tena. Sisemi ni vibaya. Yule mama mwenye mbuzi asingezunguka kwa ndugu zake akarudi na pole kama msaada wa leo ungekuwapo siku zile. Lakini kila hatua mlipaji anasogea mbali kidogo, na anayelipiwa anasogea mbali kidogo, na katikati panabaki uwanja mtupu ambao vijana wetu wakirudi hawajui wauvuke vipi. Nimewaona wakishuka stesheni na masanduku yao. Mama zao huwaita bwana.

Nilipofika kijijini mchana ule wa msiba, ambako mkubwa alikuwa amerudishwa na kifua kilichojaa vumbi la mashimoni, walikuwa hawajaanza kuchimba kaburi. Walikuwa wanamngoja mwalimu. Kijana wetu hakuwa daktari. Alipelekwa kufundisha Shinyanga mjini kutimiza masharti yake, na hadi leo yuko huko. Alifika kwa lori la pamba, suti nyeusi, tai, akasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, akamwendea mama yake akapiga magoti. Kisha akaenda pale majembe na sururu vilipolazwa, akavua viatu, akavipanga pembeni kama siku ile. Watu wakatazamana. Mwimbishaji, ambaye siku hizi ana mvi na kweli meno hana, ndiye mwenye pembe na ndiye mwenye amri ya kaburi. Alisogea akamshika mkono. "Aa, bwana mwalimu. Utachafuka. Wako vijana. Wewe kaa na wazee, tutakuletea kiti."

Mwalimu alilitazama jembe kwanza. "Mkubwa alinikataza mara moja nikamtii," alisema. "Nikakaa nje miaka yote hii. Leo hawezi kunikataza. Na wewe, kaka, usinikataze."

Mzee yule alimwachia mkono. Alimpimia upande wa kichwani kwa nyayo zake, taratibu, kama alivyokuwa marehemu akitupimia shambani. "Ngwe yako hii," akasema. "Shika." Mwalimu akachimba. Hakuchimba vizuri. Jembe lilimrukia, viganja vikachubuka, na kuna mtu nyuma akanong'ona kwamba mwalimu analima kama anafuta ubao, na watu wakacheka kwenye msiba, yeye akacheka pia huku machozi yanamtoka. Hakuna aliyempokea mpaka ngwe yake ilipokwisha.

Baiskeli niliirudisha kwa fundi kesho yake. Nimechoka, na wiki ijayo sijui nitakuwa wapi. Watu wanabishana magazetini nani awalipie vijana wa vyuo, na kwa masharti gani, na wabishane, ni haki yao. Mimi ninalo hili moja, nililolipata kwa mtu aliyelipia ambacho hakutakiwa kulipa na akazuia ambacho hakupaswa kuzuia. Mtoto wetu tumlipie kila tunachoweza. Lakini akirudi likizo akavua viatu na kuinama kuokota jembe, tumwache alime.