Plagi za Boti

"Hivi wewe Mwanamkuu, ukishika spana moyo haukudundi?" Bimkubwa, jirani yake wa mlango wa pili, alimuuliza siku moja huku akicheka.

"Wadunda, tena sana," Mwanamkuu akamjibu.

Mwanamkuu ni mtu wa Kirongwe, kijiji cha kisiwani. Marehemu mumewe, Abubakari, alimwachia kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo ambacho injini yake imelala chini ya viti. Watoto walitaka kiuzwe. Yeye akakaa kwenye usukani mwenyewe, akawa anapeleka nazi na korosho za watu mjini Kilindoni. Mwoga tangu utoto, mwoga wa radi, mwoga hata wa ng'ombe, na kila safari aliianza kwa Bismillahi kama anayeingia vitani.

Plagi, zile za kuwasha moto ndani ya injini, zilipochoka, za kirikuu hazikuwapo madukani. Shemeji yake Iddi, mvuvi, akamletea za mashine ya boti. Mwanamkuu akazilinganisha na zile kuukuu; uzi, ile mikato ya kuzungushia, ulikuwa mmoja.

"Shemeji, mbona hizi fupi?"

"Plagi ni plagi! Uzi waingia, moto wawaka, wataka nini tena? Uzifanyie harusi?"

Wengi kisiwani hufanya hivyo hivyo. Gari likawaka. Hata zile zenyewe za kirikuu alizoagiza zilipokuja kutoka Dar, alizitia kwenye kisanduku cha mbele, zikakaa. Maadamu gari latembea, kufungua tena aliogopa.

Kisha uchungu wa kuzaa ukamshika Umi, bintiye. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na daktari alikwisha kuonya kwamba huyu wa pili asizaliwe nyumbani. Mwanamkuu akampakia baada ya adhuhuri kwenda hospitali ya Kilindoni. Wakiwa katikati ya minazi, mbali na nyumba za watu, gari likaanza kukohoa, likatetemeka, likazima. Akatia ufunguo tena, likaguna tu. Simu nayo haikushika mtandao.

Akamteremsha Umi, akamlaza kivulini juu ya kanga, akainua kiti. Joto likampiga usoni. Plagi zile fupi ndizo zilizoshindwa, lazima zitoke, alijua. Lakini alikumbuka alivyokuwa akimshikia marehemu bati la spana, naye akimwambia, "Acha ipoe. Ukifungua ikiwa moto, uzi wa injini utakuja nayo, na gari ndiyo basi."

"Mama, wangoja nini?" Umi akalia.

"Ipoe, mwanangu."

"Ipoe, na mimi nafa?"

Mwanamkuu akatawadha kwa maji ya dumu, akaswali alasiri pale pale kando ya njia, sikio moja kwa Mola wake na moja kwa mwanawe. Alipoigusa injini kwa mgongo wa mkono, ikavumilika. Plagi ya kwanza ikatoka nyeusi, imejaa masizi. Ile mpya ya kisanduku cha mbele vidole havikuweza kuifikisha shimoni, basi akaichomeka kwenye kipande cha mpira mwembamba wa kupitishia petroli, akauzungusha mpira polepole, apate kusikia kama inakwenda upande. Ya pili ikakwama. Akairudisha nyuma, akasema "Ya Latifu", akaanza upya. Ikaingia. Ndipo akatia spana, akakaza kwa kiasi. Ya tatu aliifunga huku Umi, aliyekwisha kujikokota hadi garini, ameshika pindo la baibui la mamaye, anauma meno.

Gari likawaka, likanguruma sawasawa. Mwanamkuu hakuthubutu kushukuru kwa sauti mpaka alipoliona geti la hospitali. Kwa jinsi alivyotetemeka, muuguzi alidhani mgonjwa ni yeye.

Jioni ile Umi akapata mtoto wa kike, wote salama, alhamdulillahi. Iddi akaja kuwaona, samaki mkononi, macho chini.

"Nisamehe, shemeji. Mimi nilidhani..."

"Za boti nimekuwekea," Mwanamkuu akamkatiza kwa upole. "Zirudishe kwenye boti."

Kisha akamtazama, akamwambia, "Na siku nikifungua injini tena, uje ukae karibu yangu. Sitaki kuogopa peke yangu."