Wembe wa Kinyozi Mbaraka

Shaibu alipofika kwa dada yake Arafa, alikuwa amekumbatia kikapu kama mtu aliyebeba yai. Arafa akajua hapo hapo kuwa ameharibu kitu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kimevunjika nini?"

"Hakijavunjika kitu. Kimechakaa kidogo tu."

Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na mkoba wa ngozi ulioota ukungu, na ndani ya mkoba mlikuwa na wembe wa baba yao, Mbaraka, aliyekuwa kinyozi wa Chole tangu kabla bendera ya Mdachi haijapandishwa bomani. Arafa alijaribu kuukunjua, ukagoma. Alipoulazimisha, ukafunguka kwa mlio wa mlango wa zizi. Kutu ilikuwa imeutafuna tangu ncha mpaka kwenye msumari wa mpini, na makali yana mapengo kama kinywa cha bibi kizee.

Kila neno lililomjia Arafa halikuwa la kumwambia ndugu wa tumbo moja.

Wembe ule aliujua kuliko Shaibu. Tangu utotoni yeye ndiye aliyemshikia baba yake kinoo, yeye ndiye aliyeufuta na kuupaka mafuta kila jioni, wakati Shaibu yuko pwani anatega kaa. Wajukuu wote wa ukoo waliondolewa nywele za kwanza kwa wembe huo, siku ya arobaini. Lakini baba alipofariki, Shaibu aliuchukua mkoba mzima. "Mwanamke na wembe wapi na wapi?" alisema, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Kisha Mwanasiti, binti wa Arafa, akajifungua. Arafa akaenda kuuazima. Shaibu akasema hakumbuki umewekwa wapi. Mtoto akanyolewa kwa kijembe cha jirani, akakatwa utosini, na kovu lipo mpaka leo.

"Uliuweka wapi?" aliuliza.

"Darini, kwenye makuti."

"Kwenye makuti! Yanayovuja kila mwaka?"

"Kwanza niliuosha vizuri, dada. Wembe wa marehemu una nuksi. Niliupeleka pwani nikauosha kwa maji ya bahari, nikauviringisha kwenye kitambaa kibichi, nikauchomeka juu."

"Kwa maji ya bahari."

"Kuondoa nuksi."

"Chuma, Shaibu! Umekiosha kwa chumvi ukakifunga kibichi! Na haya mapengo, nayo ni ya nuksi?"

Shaibu akatazama pembeni. "Wifi yako alikuwa anachania ukindu wa mikeka. Mara moja moja."

"Na tasa ya baba ya kunyolea?"

"Ipo. Kuku wanainywea maji kidogo."

Mjukuu wa kiume wa Shaibu alikuwa karibu kutimiza siku arobaini, na watu walishaalikwa. Shaibu alitaka wembe wa babu, ung'ae, watu wauone. Arafa alitamani kumrudishia kikapu chake. Lakini aliutazama mpini wa pembe, pale kidole gumba cha baba yake kilipokuwa kimechimba kijishimo. Tena Mwanasiti alikuwa mjamzito mara ya pili. Mtoto huyo, Arafa aliapa moyoni, hatanyolewa kwa kijembe cha mtu.

"Nitautengeneza," alisema. "Lakini ukishatumika utakaa kwangu."

"Tutazungumza, dada."

Hiyo 'tutazungumza' ya Shaibu, Arafa aliijua vizuri.

Alifanya kazi kila alipomaliza shughuli za shamba. Alipaka ndimu na majivu, akaacha, akasugua, akapaka tena. Kutu ilipolainika akachuma majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, akasugua mpaka vidole vikawaka. Mpini uliopasuka aliuloweka katika mafuta ya nazi ya uvuguvugu, pembe ikanywa, ufa ukajibana. Mapengo ndiyo yaliyomtoa machozi ya hasira. Kila pengo lilitaka chuma kiliwe kwenye kinoo mpaka makali yafikie shina la pengo, na wembe ukawa mwembamba kuliko alivyouacha baba. Kila alipovuta alisema, "Ukindu!" na Mwanasiti, aliyekuwa akichambua mchele, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama, wembe utaamka ukijiita ukindu."

"Cheka. Wewe hukuuona ulivyoletwa, mdomo mapengo matupu."

Mwisho aliupitisha kwenye ukanda wa ngozi, akang'oa unywele wake mmoja, akaugusisha. Unywele ukaanguka vipande viwili.

Siku ya arobaini Ussi, kinyozi aliyejifunza kwa marehemu, ndiye aliyenyoa. Mtoto alilala usingizi wake, hata kope hakutikisa. Watu wakasifu.

"Mashaallah! Shaibu, umetunza urithi wa baba yako."

"Alhamdulillahi," Shaibu akajibu, kifua mbele. "Si kazi ndogo."

Arafa akatazama vidole vyake vilivyochunika kwa msasa. Akajinyamazia, kwa ajili ya mtoto. Lakini Ussi alipoutumbukiza wembe katika tasa ya maji, Jokha, mke wa Shaibu, akanyoosha mkono.

"Lete nikauchomeke juu, usije ukapotea."

Arafa akauwahi. Akaufuta kwa upindo wa kanga, uso huu na uso ule.

"Dada," Shaibu alinong'ona, "watu wanatazama."

"Watazame. Shaibu, niambie mbele yao. Utauweka wapi?"

"Si pale pale."

"Kwenye makuti. Na kabla ya kuuweka utaupaka nini?"

Shaibu akafikiri. "Nitauosha."

"Kwa maji gani?"

Macho ya Shaibu yakaenda upande wa bahari. Ussi aliangua kicheko, na baraza zima likamfuata. Jokha akaingia ndani na tasa yake.

"Mwache dada yako akae nao," Ussi alisema akipangusa macho. "Marehemu mwenyewe alikuwa hamwachii mtu mwingine aufute ila dada yako."

Neno hilo Arafa alikuwa amelingoja tangu siku ya mazishi, na likasemwa na mtu wa pembeni, kwa kicheko.

"Haya," Shaibu alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Wembe ni wangu. Namwachia autunze tu."

Arafa akaufunga pembeni mwa kanga, akaondoka bila kuaga.

Mtoto wa pili wa Mwanasiti, msichana, alinyolewa kwa wembe huo, na kichwa chake hakina kovu. Tangu hapo Shaibu huja barazani kwa dada yake kila Ijumaa asubuhi, akakaa, akaomba "wembe wangu," akanyoa ndevu mbele ya kioo cha baba kilichobaki kwa Arafa. Akimaliza huutupa katika maji, akaanza habari za samaki.

"Ufute, Shaibu!" Arafa humwambia.

"Eh, nilisahau."

Husahau kila Ijumaa. Arafa huutoa mwenyewe kwenye maji, akaufuta, akaupaka mafuta, akaenda nao ndani.