Nilikata matela ya mutoto wangu, sasa banasema niko mulozi

Admin, ufiche jina yangu, juu hapa Bukavu tunajuana bote. Niko mwanamuke wa miaka vingt-huit (28), niko na bwana na binti mumoja mwenye ameanza tu kusimama kwa kushikilia kiti. Nasoma biologie, na niko na hasira yenye sijui niipeleke wapi.

Kwa labo tunafuga minyoo midogo ya mu maji ya muto, haifikie hata ukucha. Kazi yangu iko kuangalia dawa yenye viwanda vinatia mu mousse, ile sponji ya ndani ya viti, ili isishike moto haraka. Mousse ikizeeka, ile dawa inatoka na vumbi. Munyoo muzima, ukiuwashia taa, unakimbilia giza. Wenye uliwekwa mu maji ya dawa unabaki palepale, unajikunja-kunja, ni kama umesahau njia. Ni ubongo njo unaguswa. Nimeona na macho yangu, tena na tena.

Sasa musikilize. Mama mukwe wangu anakaa mu mutaa wa Kasha. Kwa familia ya bwana wangu, malalo ya kwanza ya mutoto inatoka kwa mama ya baba yake, na hauwezi kuikataa. Alishona matela, godoro kidogo ya mutoto, na mikono yake, akajaza ndani mousse ya viti vya magari ya zamani yenye inatoka Ulaya. Ilikuwa laini, nilishukuru sana. Lakini kila nikiikunguta inatoa vumbi ya manjano. Nikaomba bwana wangu tutafute ingine. Akacheka, akaniuliza kama nataka kufundisha mama yake namna ya kulea, yeye mwenye alikomalisha batoto bake bote.

Nikaona afazali nipate kwanza ushahidi. Nikakata kipande kidogo pa kona, nikaipeleka labo mu sachet, nikailoweka, nikatia minyoo mu ile maji. Minyoo ikalegea kabisa. Taa inawaka juu yake, nayo imelala tu.

Profesa akaniambia nitulie: munyoo si mutoto, na mu mousse muko vitu mingi, sina haki ya kusema kupita chenye niliona. Ni kweli, na hiyo njo inaniumiza. Kwake hakuna mutoto mwenye analala pale.

Nilipofika nyumbani, nikakuta mama mukwe amekuja kutusalimia. Alitaka kuanika matela. Alikuwa ameiweka juu ya magoti, kidole ndani ya tundu. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu:

"Maman, mutu mwenye anakata kipande ya malalo ya mutoto, anaipelekaka kwa nani?"

Hapa kwetu kila mutu anajua jibu. Kitu ya mutoto banaikataka juu ya kuipeleka kwa mulozi, aloge ule mutoto. Na mimi, mujinga wa kusoma sana, nikajibu ukweli: niliipeleka kwa minyoo. Weee! Nilijizika mwenyewe. Nikaanza kueleza taa, giza, ubongo, na kila neno inazidi kuharibu. Bwana wangu, na diplome yake yote, akaangalia chini. Kisha akasema, "Ungeniambia mbele ya kukata." Hapo ana haki, nakubali.

Mama mukwe akabeba mutoto ku mugongo, akashika matela chini ya kwapa, akapanda taxi. Mutoto iko kule Kasha mpaka leo. Naendaka kumunyonyesha pa saluni, pale bageni banakaaka, chumba chenye analala banakataa niingie.

Familia imekaa kikao. Banataka nipige magoti, nishone ile tundu mbele ya bote, niseme zawadi ya mama iko muzuri na mimi njo nilikosa. Nikifanya vile, mutoto atarudi kwangu. Na matela yake.

Nikikataa, ataendelea kulala juu yake kule Kasha. Nikikubali, atalala juu yake hapa nyumbani, juu ya tundu yenye nimeshona mimi mwenyewe. Bamaman na bapapa benye munasoma hii, musicheke minyoo yangu, munielekeze tu: nishike sindano, ao niiache?