Mume wa Mama Yake Bibi

Nimehama miji mingi, lakini kila treni ikisimama Igalula na harufu ya karanga za kukaanga ikapanda dirishani, naona aibu.

Bibi alikuwa akikaanga karanga siku walipofika nyumbani watafiti wawili wa taasisi ya historia, wakiwa na kinasa sauti. Walitafuta habari za njia ya misafara. Bibi alikijua Kiswahili, ila habari za mama yake hakuziweza isipokuwa kwa Kinyamwezi. Nikachaguliwa kutafsiri, kwa kuwa nilikuwa msichana wa darasa la tano mwenye sauti kubwa. Wenzangu wa shule walijaa barazani kusikiliza.

Bibi alisimulia polepole huku akigeuza karanga kwa mwiko. Mama yake aliingia Tabora amefungwa kamba shingoni, akauzwa kwa kipande cha kaniki.

Shuleni tuliimba kila asubuhi kwamba binadamu wote ni sawa. Niliwatazama wenzangu, nikasema, "Anasema mama yake alikuja na mumewe, mfanyabiashara wa vitambaa."

Mwiko ukasimama. Mtafiti akaandika, kisha akauliza, "Kuna la kuongeza, bibi?"

"Sina, mwanangu," akajibu kwa Kiswahili. "Mama yangu ameshaozeshwa na huyu mke mwenzangu."

Watafiti wakacheka, wakidhani ni utani wa bibi na mjukuu, wakazima mashine. Bibi akanimiminia karanga viganjani. Zilikuwa zimeungua upande mmoja. Nilizila zote, kwa sababu alikuwa akinitazama.