Mafuta ya Kiboko Kwenye Risasi

Mpaka leo sili nyama yenye mafuta. Watoto wangu hudhani daktari amenikataza. Ukweli ni kwamba harufu ya mafuta yanayoungua hunirudisha Lipingo, kule ziwani, na kichefuchefu hunishika pale pale mezani.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mpiga bunduki wa mzungu mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyejenga juu ya Mbamba Bay. Alikuwa na kibali cha kuua viboko na nguruwe waliokuwa wakimaliza mpunga na mihogo ya watu kandokando ya ziwa. Tulikuwa wawili, mimi na mume wa dada yangu, na bunduki moja. Mimi ni Mmatengo wa milimani, kijiji cha Namswea. Kabla ya kazi ile kiboko nilimjua kwa kusimuliwa tu. Shemeji ndiye aliyezaliwa ziwani, na ndiye aliyeniombea kazi.

Mzungu yule nilimchukia tangu siku ya kwanza. Risasi mpya zilichelewa kuja na meli, kwa hiyo alijaza upya maganda ya zilizokwisha kupigwa. Maganda hayo tuliyaokota sisi, kwa magoti, ndani ya mavi ya kiboko, naye amesimama nyuma na leso puani. Kisha aliyaosha kwenye karai lile lile alilonawia uso. Aligonga fataki mpya ya kuwashia baruti kitakoni mwa ganda, akapima baruti, akabana risasi juu yake, huku mate ya kiko yakimchuruzika kidevuni. Nilikuwa nikitazama pembeni.

Shemeji naye alikuwa na lake. Baba yake alikuwa mwindaji wa gobori, na risasi ya gobori hupakwa mafuta ili iteremke vizuri mtutuni. Desturi hiyo aliihamishia kwenye bunduki ya mzungu. Kila tulipoua, aliyeyusha mafuta ya mnyama huyo, akayaweka kwenye kopo la bati, na risasi za safari iliyofuata zilipakwa hayo, ili mnyama wa pili amfuate wa kwanza.

"Gusa ncha tu, shemeji," alinifundisha. "Ncha inatosha."

Kopo lile lilinuka maiti. Mafuta yalikuwa yamegeuka kijani pembeni na nywele za mnyama zimo. Lakini mimi nilikuwa mwoga, na mwoga hatosheki na ncha. Kila asubuhi nilipaka risasi nzima, ncha hadi kitako, kisha nikajifuta kwenye majani.

Baada ya majuma machache maganda yakaanza kugoma kutoka. Ukishapiga, komeo la bunduki, kile chuma kinachovuta ganda nje, lilikuwa zito, ukalivuta kwa mikono miwili. Nilimweleza Bwana. Alinibonyeza mkono kama mtu anayechagua kuku sokoni.

"Mkono yako haina nguvu," akasema. "Kula ugali."

Asubuhi ya Lipingo kiboko alikuwa amelala kwenye matete karibu na mpunga. Shemeji alitangulia na mkuki, mimi nyuma na bunduki. Nilimpiga shingoni, akainuka. Nikavuta komeo ili niweke risasi ya pili, komeo likakataa. Nikaweka kitako cha bunduki chini, nikalipiga teke kwa kisigino. Shemeji aliniita mara mbili. Komeo lilipofunguka kiboko alikuwa ameshapita kwenda majini, na mguu wa shemeji ulikuwa umebaki kwa ngozi tu chini ya goti. Hospitali ya misheni wakamalizia kuukata.

Nilirudi kwa Bwana nimejaa hasira. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba risasi zake ndizo zilizomla shemeji. Safari hii alikubali tuzijaribu, tukapanda mlimani mchana kweupe. Risasi mpya za mwisho alizokuwa nazo zilipigwa kwa bunduki yetu na maganda yakatoka bila taabu. Zake za kujaza zikakwama, zote. Nilimtazama kwa dharau nisiyoificha.

Akachukua bunduki yake mwenyewe, ndugu wa ile yetu, akapiga risasi zile zile za kujaza. Maganda yakaruka nje.

Kisha akaichukua bunduki yetu. Alizungushia kijiti kitambaa, akakilowesha kwa maji ya moto, akakizungusha ndani ya tundu ambamo risasi hukaa, akanipa nikinuse. Kilikuwa cheusi, kimeganda kama ukoko wa sufuria, na harufu ya kopo ilikuwa pale pale. Ganda lililokwisha kupigwa huwa limevimba kidogo, na risasi mpya ni nyembamba. Nyembamba ilipita kwenye ukoko wangu, iliyovimba ikanasa. Tulisafisha hadi maji yakatoka meupe. Kisha nikapiga zile za kujaza moja baada ya nyingine, na kila ganda liliniangukia miguuni. Nilikwenda kando nikatapika.

Siku ya tatu nilikwenda hospitalini. Dada yangu alikuwa kaketi chini, kando ya kitanda, akimlaani mzungu kwa Kinyasa cha mumewe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umeona? Risasi za mtu yule zimenila mguu."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Dada alininyanyulia macho akisubiri.

"Ndiyo, shemeji," nikasema. "Ni risasi zake."

Shemeji akaingiza mkono chini ya mto, akatoa lile kopo la mafuta.

"Asubuhi ile uliyapaka?"

"Niliyapaka."

"Basi ndiyo yaliyonibakizia roho. Chukua. Sasa utakwenda peke yako, upake vizuri."

Dada akaniambia nishukuru. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikashukuru.