Miche Miwili ya Sabuni

Mara ya kwanza kuiona sodiamu ilikuwa ndani ya chupa ya mafuta ya taa. Nilikuwa chuo cha ualimu, miaka ya hamsini, na nilishajiona mtu mzima. Mwalimu wetu wa sayansi, mtawa mwembamba ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote, aliitoa kwa koleo, akaifuta kwa kitambaa, akaikata kwa kisu cha mezani. Ilikatika kama siagi ya asubuhi. Ndani iling'aa kama shilingi mpya, lakini kabla sisi wa nyuma hatujapata nafasi ya kuchungulia, mng'aro ulikuwa umeshafifia na utando wa kijivu umeshika. Alisema ndiyo tabia yake. Haipatani na hewa, haipatani na maji, ndiyo maana inafichwa kwenye mafuta. Niliwafikiria watu wawili watatu niliowajua wa namna hiyo.

Kisha akadondosha kipande kidogo sana kwenye beseni la maji. Hakikuzama. Kilijikunja kikawa kitone, kikakimbia huku na huku juu ya maji, kikifoka na kupungua mpaka kikaisha. Alipoweka potasiamu, yenyewe haikungoja hata kukimbia. Ilishika moto papo hapo, moto wa rangi ya zambarau, na wenzangu wakarudi nyuma mpaka ukutani. Mtawa alitueleza kwamba hizi ni metali za ukoo mmoja, na kwamba katika ukoo huo lithiamu ni mpole, sodiamu ina hasira, na potasiamu ina hasira zaidi. Baadaye aliyazimua maji yale kwa maji mengi, akatuambia tuchovye vidole tuseme tunahisi nini. Wenzangu walisema yanateleza. Mimi nilisema yanateleza kama maji ya majivu.

Aliniuliza maji ya majivu nimeyajulia wapi. Nikasema kwetu tulipikia sabuni. Akasema vizuri, akaendelea na somo. Yaliyobaki yalikuwa ya nyumbani kwetu.

Kwetu ni upande wa Bweranyange, Karagwe. Vita Vikuu vya Pili vilipiganwa mbali na sisi, na hatukusikia hata mlio wa bunduki moja. Sisi vilitufikia kwa njia ya vitu kukosekana. Kwanza ziliadimika nguo, halafu mafuta ya taa, halafu sabuni, na mwisho chumvi ikawa kitu cha kunong'onezana. Ukisikia duka fulani limepata chumvi, ukifika unakuta imekwisha, na mwenye duka anakuonyesha gunia tupu.

Katika miaka hiyo ndipo katekista alipokuja kumwambia baba yangu kwamba nimepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa Bukoba. Niende na blanketi, jembe, sahani, na miche miwili ya sabuni. Masista walikuwa wamesumbuliwa na upele bwenini, kwa hiyo msichana atakayefika bila sabuni angerudishwa na gari lile lile lililomleta. Blanketi lilitoka kwa mjomba. Jembe na sahani vilikuwepo. Sabuni haikuwepo, si kwetu tu, bali katika nchi yote ya Karagwe kwa kadiri tulivyojua.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, hakuwa mtu wa kukataa jambo. Alikuwa mtu wa kuweka sharti. Alimjibu katekista kwamba sabuni ikipatikana, niende. Jibu zuri kabisa, ila yeye mwenyewe alikuwa ametoka dukani siku iliyotangulia na alijua hakuna hata kipande. Tena nilijua kwamba watu wa Kaisho walikuwa wameshaleta pombe ya kuulizia habari zangu, na kwamba ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatajwa. Nilimkasirikia Tata kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Lakini binti wa Kinyambo wa wakati ule alikuwa hana mahali pa kuipeleka hasira yake, basi nikaendelea kumenya ndizi.

Mama alianza kukusanya maganda ya ndizi niliyokuwa namenya. Aliyaanika mpaka yakawa meusi na makavu, akayachoma, akayatia majivu yake kwenye chungu chakavu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi, akamimina maji juu. Yalitiririka chini taratibu, rangi ya chai. Ukiyagusa yanateleza, na ukichelewa kunawa yanakutafuna ngozi. Mafuta tulipata ya fahali mzee aliyechinjwa kwa jirani. Mama aliyapika pamoja na yale maji, akikoroga kwa mwiko mrefu, uso ameugeuza upande kwa sababu ya harufu, na mwisho wake tukapata sabuni.

Ilikuwa sabuni kweli. Ilitoa povu na kung'arisha kaniki. Ila ilikuwa laini kama uji mzito. Mama aliianika juani, ikabaki uji. Akaiweka darini juu ya meko, ikabaki uji wenye masizi. Nilishauri niibebe kwenye kibuyu. Mama akamwuliza katekista, na katekista, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda sana kunukuu maneno ya wakubwa, akasema masista wametaja miche, na uji si mche. Siku hiyo nilimwona Mama ameshika tama mbele ya chungu chake, nikajua kwamba mambo yamefika ukingoni.

Aliyetukwamua ni mke wa mwenye duka. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, na Mama alikuwa amekwenda kwake pamoja nami, ameibeba ile sabuni kwenye kibuyu, si kununua, maana hapakuwa na cha kununua, bali kulalamika tu. Yule mama aliuchovya mkono kwenye ile sabuni yetu, akaunusa, akacheka. Alisimulia kwamba baba yake alikuwa akifanya kazi mahali walipopika sabuni ya nazi, na kwamba mwisho wa kupika hawakukosa kufanya jambo moja.

"Tia chumvi, mwenzangu," alisema. "Tena si ya kuonja. Tia mpaka uone uchungu moyoni."

Tulirudi nyumbani tukiwa tunatembea haraka bila sababu, kwa kuwa wote wawili tulijua chumvi iliko na ni ya nani. Tata alikuwa na mzigo wa chumvi ya Katwe, uliofungwa kwa magome makavu ya migomba na kuning'inizwa juu ya moshi usipate unyevu. Ulikuwa umefika kwa njia ndefu kutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda. Sehemu ilikuwa ya mboga zetu, lakini kubwa ilikuwa ya ng'ombe wake mmoja aliyekaribia kuzaa. Ng'ombe asiyepata chumvi hulamba kuta, hulamba hata mikono ya watu, na maziwa yake hupungua. Tata alimpenda yule ng'ombe waziwazi, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote.

Mama aliufungua ule mzigo. Hakuniambia nifunge mlango wala nisiseme. Sabuni ilipokuwa inachemka aliimwagia chumvi konzi kwa konzi, na ikaanza kukatika kama maziwa yaliyochacha, mabonge meupe yakipanda juu na maji ya kahawia yakishuka chini. Aliendelea mpaka magome yakawa matupu. Kisha akayaopoa mabonge, akayashindilia kwenye ganda la shina la mgomba alilokuwa amelikata na kuliweka tayari, akaweka jiwe juu.

Chuoni ndipo nilipoelewa alichokifanya. Majivu ya ndizi yana potasiamu, na sabuni ya potasiamu ni laini, haigandi hata uifanyeje. Chumvi ina sodiamu. Ukiitia kwa wingi, sodiamu huingia kwenye sabuni, potasiamu hutoka na kubaki kwenye maji ya chini, na sabuni hukaza. Mtawa aliandika ubaoni herufi chache tu na mshale katikati. Nilizinakili na kupata alama nzuri.

Tata aligundua kesho yake, ng'ombe alipomlamba mkono naye akaenda kuchukua chumvi. Alitoka ndani na magome matupu. Mama alikuwa uani, anakata sabuni kwa kisu, na hakuacha kukata. Nilijibanza ukutani, maana nilijua kwamba kwa jambo dogo kuliko hilo wanawake wengine walikuwa wamerudishwa kwao. Tata aliutazama mche wa kwanza. Aliinama, akaubonyeza kwa kidole gumba. Haukubonyea. Akaubonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kama mtu anayetafuta kosa.

"Imeganda," alisema. Kisha akasema, "Nilisema ikipatikana."

Akatupa magome jikoni, akaenda zake kwa ng'ombe. Watu wa Kaisho walirudishiwa pombe yao.

Shuleni sista mmoja aliikwaruza miche yangu kwa ukucha, akainusa, akakunja uso kidogo, akaiweka rafuni pamoja na ya wenzangu. Yangu ilikuwa ya kijivu na ilinuka fahali. Nilioga nayo, nikafulia nayo, nikiikausha kila mara baada ya kuitumia, na nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani mwishoni mwa muhula nilikuwa nimebakiwa na kipande cha kutosha kujaza kiganja.

Nilipofika nilipiga magoti, nikamwamkia Tata. Aliitikia kama kawaida, kana kwamba nilikuwa nimetoka kisimani. Ng'ombe alikuwa amezaa salama. Mama alitenga chakula, ndizi na maharage, nikala tonge la kwanza kwa njaa ya safari. Ladha ilikuwa chungu na nzito, nami niliijua. Maharage yalikuwa yameungwa kwa maji ya majivu. Nilimtazama Mama, naye akainamisha macho kwenye chungu. Nikauliza kama chumvi haijapatikana mpaka leo.

"Kidogo tuliyopata nimempa ng'ombe," Tata alisema. "Ya kwetu ulikwenda nayo."

Hakusema kwa hasira. Alimega ndizi, akachovya kwenye mchuzi ule mchungu, akala, akamega nyingine, kama mtu ambaye ameshauzoea siku nyingi. Nami nikamega, nikachovya kwenye mchuzi ule ule. Hasira yangu yote niliyokuwa nimeibeba mpaka Bukoba na kurudi nayo sikuiona tena ilipo.

Alipomaliza alinawa mikono kwa maji matupu, akaniuliza kama sabuni imebaki. Nikaufungua mfuko wangu, nikampa kile kipande. Alikigeuza geuza mkononi, akakibonyeza kwa kidole gumba kama ile siku ya kwanza, akanirudishia.

"Usiiache kwenye maji," alisema. "Itakwisha upesi."